Land Rover 109 ya mwaka 1979 kama gari la kila siku Mbeya: tathmini ya miezi 16

Magari ya zamani yaliyofufuliwa tumezoea kuyaona siku za harusi, yamefungwa riboni na kupambwa maua, kisha yanarudi kufunikwa turubai hadi harusi nyingine. Land Rover yetu ya mwaka 1979, Series III yenye chasisi ndefu ambayo watu wengi huitaja kwa namba yake tu, 109, haikununuliwa kwa kazi hiyo. Tangu irudi barabarani miezi 16 iliyopita, ndiyo gari pekee la familia yenye watu watano. Kila siku ya kazi saa 12:15 asubuhi inatoka Igawilo, inakatiza njia panda ya Uyole iliyojaa bajaji na maroli ya Zambia, inashuka mteremko kuelekea Inyala hadi shule ninayofundisha fizikia, na jioni inaupanda mteremko huo huo kurudi nyumbani. Jumamosi inabeba viazi mviringo vya mume wangu, na Jumapili inatupeleka ibadani. Ninaitathmini kama chombo cha kazi, kwa vipimo vile vile ambavyo ningetumia kwa gari jingine lolote linalopaswa kuwaka asubuhi na kunifikisha darasani kabla ya kengele.

Tuliinunua kwa mzee mmoja wa Umalila aliyekuwa akisombea pareto kwa miaka mingi. Ilikuwa imesimama kwenye kibanda cha mabati kwa miaka 6, na aliponikabidhi kadi ya gari aliniambia, "Mwanangu, hii haijafa, imesinzia tu." Alidai shilingi milioni 6.5 nasi tukamlipa bila kuvutana sana, kwa kuwa injini ilikuwa bado inazunguka kwa mkono na bodi ilionekana nzima. Kuhusu bodi hiyo ninapaswa kueleza jambo ambalo kila mnunuzi wa gari hili anahitaji kulijua kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgao nchini Uingereza kutokana na vita, na kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza sehemu kubwa ya bodi kwa aloi ya aluminiamu. Desturi hiyo ikaendelea hadi Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Aluminiamu haishiki kutu ile nyekundu tunayoifahamu, hivyo gari lililonyeshewa mvua za Umalila au Rungwe kwa miaka 40 linaweza kuonekana zima kabisa kwa nje huku chasisi yake, ambayo ni ya chuma na yenye uwazi ndani, ikiwa imeliwa kuanzia ndani kwenda nje. Isitoshe, mahali ambapo aluminiamu imegusana na chuma na maji yakaingia kati yao, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo na aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe kuzunguka boliti. Kwa hiyo usidanganywe na milango iliyonyooka. Chukua bisibisi imara, lala chini ya gari, gonga na uchokoe chasisi kwa urefu wake wote, hasa nyuma karibu na bamba la kuvutia tela na kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi, kisha chunguza ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kwetu mikono mitatu kati ya hiyo ilitoboka kwa bisibisi, na sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa imebaki rangi tupu. Chasisi kuu ilikuwa salama, na ndiyo sababu pekee iliyotufanya tuendelee.

Ukarabati wa kwanza ulifanywa na gereji moja ya mjini Mbeya kwa muda wa miezi 11, nao uligharimu shilingi milioni 17. Kazi ya kuchomelea ilikuwa nzuri, na hadi leo sijaona ufa. Rangi ya kijani iliyoiva na paa la rangi ya maziwa vilipendeza kiasi kwamba watu walisimama kutazama tulipolitoa. Lakini katika fedha hizo, karibu milioni 4 zilikwenda kwenye rangi na viti, na nilipouliza habari za breki nikajibiwa kwamba zote zimeshughulikiwa. Nilikubali jibu hilo bila kufungua gurudumu hata moja, jambo ambalo sitalirudia.

Wiki ya tatu, nikishuka mteremko wa Inyala na watoto wawili ndani, gari lilianza kuvuta kulia na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nilipokanyaga breki mara ya pili pedeli ilishuka zaidi ya kawaida, na mara ya tatu ikagusa sakafu. Nilikuwa gia ya tatu. Nikaingiza ya pili, injini ikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, nikavuta hendibreki taratibu, na tukasimama kwenye tuta la udongo kando ya barabara wakati roli lenye tela likipita. Hakuna aliyeumia. Kila anayetumia barabara ile anaujua mteremko huo na anajua maroli mangapi yameshindwa kusimama pale, kwa hiyo siwezi kulieleza tukio hilo kama hitilafu ndogo.

Chanzo kiligundulika siku iliyofuata. Hozi ya mpira inayopeleka maji ya breki kwenye gurudumu la mbele la kulia ilikuwa ya zamani na imevimba kwa ndani. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma maji yapite kwenye tundu lililobanwa, lakini springi za brekishu (vipande vinavyosugua kwa ndani dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) hazina nguvu ya kuyarudisha, hivyo brekishu zinabaki zimegusa dramu hata baada ya kuachia pedeli. Dramu inapata joto mfululizo, na kwa kuwa chuma hutanuka kikipata joto, dramu inakuwa pana zaidi na kuziacha brekishu mbali. Dereva anakanyaga zaidi, joto linaongezeka, na mwisho maji ya breki yenyewe yanachemka na kutoa mvuke. Maji hayabanyiki lakini mvuke unabanyika, na ndiyo maana pedeli inazama. Breki za diski hazina tatizo hilo la kutanuka kwa dramu, kwa kuwa diski ikipata joto hutanuka kuelekea kwenye pedi zinazoibana. 109 ina dramu kwenye magurudumu yote manne, hivyo dereva wake analazimika kuishi na sheria hiyo ya joto kila anaposhuka mlima. Baadaye niliwaletea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu dramu ile iliyopata ufa, tukajifunza juu yake kutanuka kwa metali, na sidhani kama kuna aliyelisahau somo hilo.

Kutoka hapo gari lilihamia kwa mafundi wawili wenye kiwanja kidogo cha kazi eneo la Soweto hapa Mbeya, na kwa maoni yangu ukarabati wa kweli ulianza siku hiyo. Walibadilisha hozi zote tatu, paipu zote za chuma, silinda ndogo za kila gurudumu na brekishu zote. Gari letu lilikuwa na mfumo mmoja wa maji ya breki kwa magurudumu yote manne, maana yake paipu moja ikipasuka magurudumu yote yanakosa breki. Wakafunga masta silinda (pampu kuu ya breki) ya 109 ya miaka ya mwisho ambayo imegawa breki za mbele na za nyuma katika njia mbili zinazojitegemea, pamoja na kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu. Kazi yote iligharimu shilingi milioni 1.9, chini ya nusu ya tulichotumia kwa rangi na viti. Tangu hapo kila baada ya kilomita 3,000 fundi anarekebisha brekishu kwa kuzungusha nati zilizo nyuma ya magurudumu, kwa maana breki hizi hazijirekebishi zenyewe, na maji ya breki yanabadilishwa kila mwaka. Leo gari linasimama kwa mstari ulionyooka. Halisimami kwa umbali mfupi kama gari la kisasa, na ninaacha nafasi mara mbili ya ile niliyozoea, lakini ninajua kwa hakika lini litasimama.

Nimekaa sana kwenye breki kwa sababu ndizo zinazoamua kama gari hili linaweza kuwa la kila siku katika mkoa huu. Barabara zetu hazina sehemu ndefu tambarare. Anayetoka Mbeya kwenda popote, iwe Tukuyu, Chunya, Mbalizi au Makambako, atapanda na kushuka, na kwa gari lenye uzito wa karibu tani 1.7 likiwa tupu, mshuko ndio wenye hatari kuliko mpando. Kanuni niliyofundishwa na fundi mkubwa wa Soweto ni kwamba mteremko ushukwe kwa gia ile ile ambayo ungeupandia, na breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachiwe ipoe, badala ya kuwekewa mguu mwepesi kuanzia juu hadi chini.

Injini ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, na ilipotoka kiwandani ilihesabiwa kuwa na nguvu farasi zipatazo 70. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa huo, ambapo hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15, na injini isiyo na tabochaji inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, kwa hiyo tunaendesha farasi 60 au pungufu. Tatizo jingine la mwinuko ni kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambayo haitambui kwamba hewa imepungua na inaendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani. Gari linakuwa na mchanganyiko mzito, plagi zinashika masizi meusi na mafuta yanapotea bure. Mafundi walifunga jeti, kidude kinachopitisha petroli, yenye tundu dogo kidogo, na mabadiliko yalionekana wiki hiyo hiyo: plagi zikawa za rangi ya udongo mkavu, na kutoka kilomita 5 kwa lita tukapanda hadi 6. Yeyote anayenunua gari la kabureta lililokuwa likitumika Dar es Salaam au Tanga na kulileta Iringa, Njombe au Mbeya aanze na marekebisho haya kabla ya kulalamika kwamba injini imechoka.

Kuhusu asubuhi za Juni na Julai, wakati umande unapoganda kwenye majani pembezoni mwa Uyole, gari huwaka kwa kuvuta choki nzima na kuliacha lipate joto dakika tatu kabla ya kuingiza gia. Betri nzuri ni ya lazima. Mwezi wa saba mwaka huu lilikataa kusimama kwa sailensa, yaani injini kuzunguka bila kukanyaga mafuta. Ukiachia mguu linazima. Kabureta yake, Zenith ya asili, inajulikana kwa udhaifu wa kupinda pale sehemu ya juu inapokutana na ya chini, ikaingiza hewa isiyotakiwa. Fundi alileta kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza juu ya benchi, akaweka msasa laini juu yake na kuusugua mfuniko wa kabureta kwa mizunguko midogo hadi alama za msasa zilipoenea sawasawa. "Mwalimu, kioo hakidanganyi," aliniambia, kisha akafunga gasketi mpya na gari likatulia. Kazi nzima ilichukua dakika 40 na sikununua kitu zaidi ya gasketi. Nimemiliki gari dogo la Kijapani lenye kompyuta, na lilipoharibu sensa moja nilisubiri siku 9 kuletewa nyingine. Ninalitaja hili kwa sababu ndilo hasa linalonifanya niendelee na 109: hitilafu zake nyingi zinaonekana kwa macho, zinashikika kwa mkono, na zinatengenezwa hapa hapa na mtu mwenye akili na vifaa vichache.

Spea zinapatikana kuliko nilivyotarajia. Beringi, sili za oili, brekishu, klachi na bushi za springi tumezipata Mwanjelwa, na zilizokosekana zimeagizwa Arusha, ambako Land Rover zimetumika sana kwa kubeba watalii, zikafika kwa basi baada ya siku mbili au tatu. Tatizo ni ubora. Spea za bei nafuu zinauzwa katika boksi zenye maandishi mazuri, lakini mpira wake unapasuka ndani ya miezi michache. Kwa upande wa breki, usukani na mafuta, nunua ya bei ya juu hata kama itakubidi usubiri mshahara. Mahali pengine ya kawaida inatosha.

Mwinuko unahusika pia na maji ya rejeta. Kwa mita 1,700 maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 94, na ukifika Kitulo, kwenye mita zipatazo 2,600, yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Injini inayofanya kazi katika nyuzi 80 na ushei inabakiwa na nafasi ndogo sana. Mfuniko wa rejeta ndio unaotuokoa, kwa kuwa springi yake inayabana maji na kupandisha kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 100. Mfuniko uliochoka, ambao bei yake hailingani hata na lita kumi za petroli, unatosha kuchemsha gari na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Tulibadilisha mfuniko, thamostati na hozi zote, tukasafisha rejeta, na tunatumia kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu badala ya maji ya mtoni.

Nililipima hilo Februari tulipokwenda Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yanayochanua msimu wa mvua. Tulipandia Chimala kwenda Matamba kwa barabara ile ya kona kali inayoitwa Hamsini na Saba kutokana na idadi ya kona zake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hapo ndipo nilipoona kwa nini mzee wa Umalila hakutaka kuiuza kwa miaka yote hiyo. Ukivuta nyuma mkono mwekundu gari likiwa limesimama, unapata gia za chini pamoja na nguvu ya magurudumu yote manne, na gari linapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka bila kuteleza wala kukwama. Kipimo cha joto hakikuvuka katikati. Magari mawili mapya zaidi yalikuwa yamesimama kona za juu, moja likitoa mvuke, tukawapa maji na kuendelea. Binti yangu mdogo alihesabu kona zote na akapata 55, tukarudi naye kwenye hesabu hadi Matamba.

Kwa starehe sitaficha neno. Springi zake ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, imara kwa mzigo na ngumu kwa mgongo. Likiwa tupu linaruka kwenye matuta ya barabarani. Likiwa na magunia matano ya viazi linatulia kama basi. Kelele za injini na gia zinafanya mazungumzo yawe ya kupaza sauti kuanzia kilomita 60 kwa saa. Upepo unapita kwenye milango hata baada ya kubadilisha mipira, na katika mvua za Machi tone moja huangukia goti la kushoto la dereva, mahali pale pale, licha ya kuzibwa mara mbili. Asubuhi za baridi watoto hujifunika blanketi, na mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 74, hakuweza kupanda hadi fundi alipochomelea ngazi ya pembeni. Sasa anapanda mwenyewe na anapendelea kiti cha mbele, kwa sababu kutoka pale anaona mashamba yote juu ya nyua za watu.

Usalama wa abiria unahitaji uangalifu zaidi ya starehe. Mabenchi ya nyuma yaliyotazamana hayakuwa na mikanda, na hata yangekuwa nayo, kiti cha pembeni hakimlindi mtoto gari likisimama ghafla. Tumeyaacha kwa mizigo tu. Watoto wanakaa kiti cha kati kinachotazama mbele, ambacho fundi alikifungia mikanda mitatu iliyoshikizwa kwenye chuma kilichounganishwa na chasisi. Gari halina mifuko ya hewa wala sehemu za mbele zinazobonyea kupunguza kishindo. Ninaendesha nikilijua hilo kila siku, na ninamwambia wazi anayefikiria kununua kwamba hiyo ni hasara ya kweli ambayo ukarabati hauwezi kuiondoa.

Mwendo wake mzuri ni kilomita 75 hadi 80 kwa saa. Nilidhani ningechelewa sana, lakini barabara kuu ya kwenda Zambia ina vijiji vingi vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na mabasi na maroli yenyewe yana kikomo cha 80. Safari ya kwenda Makambako iliniongezea dakika chini ya 30 ikilinganishwa na gari letu la zamani. Tatizo liko kwenye mpando, ambapo 109 inahesabika pamoja na maroli: kupanda kutoka Inyala jioni ni gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, na wenye haraka wanapita. Ninaondoka nyumbani dakika 15 mapema kuliko zamani, na hilo limetosha.

Gharama ya mafuta ndiyo itakayowarudisha nyuma wengi, na ni haki yao. Nikikadiria lita ya petroli kwa shilingi 3,000, safari yangu ya kilomita 30 kwa siku inatumia lita 5, sawa na shilingi 15,000, au 330,000 kwa siku 22 za kazi. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingetumia kama shilingi 141,000. Tofauti ya karibu shilingi 190,000 kila mwezi ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu, na kama gari hili lisingekuwa linabeba viazi vyetu siku za Jumamosi na kutuondolea gharama ya kukodi, tusingeweza kuliweka. Anayetaka gari la kwenda ofisini na kurudi tu, bila mzigo wala barabara mbovu, atafute jingine. Kwa mkulima, mfanyabiashara wa mazao au mtu anayeishi mwisho wa barabara ya udongo Rungwe, Makete au Mufindi, hesabu inabadilika kabisa.

Upande wa makaratasi haukutusumbua. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililosimama kwa muda mrefu baada ya hapo halilimbikizi deni hilo. Hata hivyo hakikisha kwanza kama kuna madeni ya nyuma, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi, kwa sababu magari mengi ya aina hii yamebadilishwa injini na hata chasisi bila kuandikishwa upya. Bima ndogo tuliipata siku hiyo hiyo. Bima kubwa ilikataliwa na kampuni mbili kwa sababu ya umri wa gari, na ya tatu ilikubali baada ya kuletewa picha na risiti zote za ukarabati. Kwa hiyo risiti ya kila kitu, hata ya gasketi, itunzwe.

Kuna faida moja ambayo sikuitegemea na ambayo haiingii kwenye hesabu ya fedha. Kila ninaposimama, iwe kituo cha mafuta Uyole au sokoni Igawilo, mzee mmoja hukaribia, huweka kiganja juu ya boneti na kuanza kueleza: alizaliwa njiani ndani ya Land Rover ya misheni ikimkimbiza mama yake hospitali, au alikuwa dereva wa bwana shamba, au alijifunzia gari kama hili jeshini. Wawili kati ya wazee hao wamenisaidia kwa vitendo. Mmoja alinionesha jinsi ya kutega sikio kwenye mpini wa gia kusikia beringi inayoanza kuchoka, na mwingine alinipa bure kioo cha taa alichokuwa amekihifadhi darini. "Ndaga fijo," nilimshukuru kwa Kinyakyusa, naye akasema kioo kile kilikuwa kinasubiri gari.

Hadi leo tumesafiri kilomita 14,200. Limelala njiani mara mbili: siku ya breki, na siku nyingine mkanda wa feni ulipokatika karibu na Igurusi, nikabadilisha mwenyewe kwa spana mbili kwa sababu ninatembea na mkanda wa akiba chini ya kiti. Oili linavuja kidogo kwenye kifundo cha gurudumu la mbele la kushoto, na usukani una mchezo wa sentimita tatu ambao fundi anasema hautaongezeka tukibadilisha viungo vyake sasa. Kazi zote mbili zimepangwa kwa likizo ya Desemba. Gari litakaa Soweto siku nne, sili mpya ya kifundo imeshanunuliwa na iko kwenye droo yangu ofisini, na mume wangu amekwisha kuzungumza na jirani mwenye pikapu kwa ajili ya viazi vya wiki hiyo.